Miguu ya Nyuma ya Nyati

Jumamosi, 18 Mei

Filamu ya mchezo wetu inapigwa hapahapa, uwanja wa kanisa! Sista Benilda aliitungia shule yetu mchezo huo wa nyimbo: nyati wa shambani anayekataa kupiga magoti sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa wakulima, nyati wote wanapopigishwa magoti mbele ya kanisa. Sasa watu wa Manila wameuchukua. Binamu yangu Charito ni kichwa na miguu ya mbele. Mimi ni miguu ya nyuma, kama jukwaani. Ndani ni joto, na Charito alikula samaki mkavu asubuhi.

Saa kumi na mbili jioni, katikati ya dansi, kengele ya sala ikalia. Nikasimama, nikapiga magoti. Sikufikiri—ndivyo tulivyolelewa. Charito hakusikia, kichwa kile kimejaa pamba. Akaendelea kucheza. Nyati akarefuka, akarefuka, akapasuka tumboni. Mwongozaji, Bwana Montejo, akatupa kofia chini na kuuliza ni nani aliyemleta mtoto huyu.

Nililia ndani ya makalio ya nyati.

Jumatano, 25 Desemba

Filamu imetoka! Tumeitazama familia nzima. Ile sehemu wameiacha humohumo, hawakuweza kuirudia—nyati alikuwa mmoja tu, na alishapasuka. Mwishoni yakapita majina. "Nyati: Charito." Langu halimo. Mama ameniambia Mungu anajua. Ninajua anajua. Lakini ningependa na watu wajue.

Ijumaa, 27 Desemba

Mhakiki wa gazeti ameiponda filamu. Eti saa mbili za kelele, mwigizaji mkuu anaimba kama anayeng'olewa jino. Halafu hivi: "Nyati nyuma anasali, mbele anacheza. Hapo tu ndipo filamu ilipoonyesha akili."

Nimesoma mara tisa. Nimekikata kipande, kimo ndani ya kitabu cha hesabu.

Charito anadai akili hiyo ni yake. Asingecheza, ningekuwa nimepiga magoti tu kama mjinga. Bwana Montejo naye amesema redioni kwamba aliipanga sehemu hiyo kwa miezi mitatu. Miezi mitatu!

Jumapili, 29 Desemba

Bwana Montejo amekuja kuongea na watu uwanjani. Sista Benilda amenishika sikio: nikiulizwa niseme kweli, tena kwa heshima. Kisha Bwana Montejo mwenyewe akanivuta pembeni.

"Binti, sema lilikuwa wazo langu. Filamu ijayo jina lako litakuwa la kwanza."

La kwanza! Nimemjibu nitafikiri. Ninafikiri hapa nyuma ya pazia, nimevaa miguu ya nyati, aliyeshonwa upya kwa ajili ya leo. Yeye yuko jukwaani, anaeleza jinsi alivyoizoea kengele ya mji huu mpaka akaipenda.

Kengele imelia.

Uwanja mzima umesimama kimya, hata wauza karanga. Charito amevua kichwa. Sista Benilda amefumba macho, jicho moja tu. Na Bwana Montejo, peke yake, bado anaongea kwenye kipaza sauti—kuhusu kengele.

Hakuna anayecheka. Bado.

Nilipaswa kusali, na ninaandika. Nimepiga magoti lakini. Sala ikiisha, Bwana Montejo ataniita jukwaani.