Neno Nililomfundisha Faida

Masisi, Jumanne. Mvua inapiga bati tangu asubuhi, na mimi nina hamu ya kupiga mtu.

Nimepiga bomba. Nimechukua nyundo kubwa ya karakana nikalitwanga bomba la mazoezi hadi mabega yakaniwaka, wanafunzi wakinitazama kutoka mlangoni. Bomba limepinda. Mshono haukupasuka. Ni Faida aliyeuchomelea.

Faida ni binti wa wakulima wa mihogo wa Kibua, na hakuna anayemfikia kati ya wote ninaowafundisha kuchomelea mabomba. Nawaandaa kwa kazi za gesi ya Ziwa Kivu, ili siku ikianza kuvutwa kwa wingi, mafundi wasitoke mbali na watu wetu wakabaki kubeba mchanga. Mtihani ni Ijumaa.

Jumapili alikuwa anarudi kutoka kwao kwa pikipiki, glavu na kinyago cha kuchomelea vikiwa kwenye begi. Kwenye kizuizi, wanaume wenye bunduki wakamuuliza anakwenda wapi. Mwenye pikipiki ndiye aliyenisimulia, mdomo wake umepasuliwa.

"Naenda ku formation," Faida alijibu.

Huku kwetu neno hilo la Kifaransa, mafunzo, lina maana mbili. Kuna formation ya cheti na soda. Na kuna ile ya msituni, wanakofundishwa kuua. Mtu wa kwenye kizuizi anaijua hiyo ya pili tu. Wakamuuliza wanafundishwa nini. Faida hajui kusema uongo.

"Mwalimu iko anatufundisha kutumikisha moto."

Wakamuuliza kwa mkono gani. Akauonyesha. Wakaulaza juu ya jiwe wakaupiga kwa kitako cha bunduki mara tatu. Mwenye pikipiki alikuwa amepigishwa magoti kwenye tope, anasema alisikia mifupa.

Nani alimfundisha neno hilo?

Mimi. Siku ya kwanza nililiandika mlangoni kwa rangi nyekundu, kwa majivuno yangu. Niliwakataza kusema wanajifunza kuunga vyuma, kama wale wanaoziba matoroli barabarani. Semeni formation, niliwaambia, watu watawaheshimu. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Hapa ulimi ni wangu, mkono ni wake.

Leo asubuhi nimekwenda hospitali. Nilitaka anitukane, ningepumua. Nilimwambia kosa ni langu, akautazama mkono uliofungwa plasta. Daktari ameshamwambia huenda vidole visikunjike tena.

"Mwalimu," akaniuliza, "mukono ya kushoto nayo itakubaliwa?"

Nikamjibu kwamba sijui. Nikatoka nje, nikaja kulitwanga bomba.

Naandika ukweli: kama wale wanaume wangekuwa hapa karakanani, nisingeikamata nyundo ile kwa ajili ya bomba. Ningewalaza mikono juu ya jiwe, mmoja mmoja, nami ningehesabu. Hii ndiyo sala yangu ya leo, na Jumapili nitapokea komunyo kwa mdomo huu huu.

Mchana nimelikwangua lile neno mlangoni kwa mashine ya kusaga vyuma. Kisha nimewasha moto na kujaribu kuchomelea kwa kushoto. Mshono umetoka kama matapishi, na nimeungua kifundo. Ijumaa Faida hatakuwepo. Lakini mitihani hurudi, na siwezi kumfundisha nisichokijua.

Nilipochomelea nilikuwa nimeufunga mkono wangu wa kulia mgongoni kwa mshipi, usije ukasaidia. Kesho nitaufunga tena, kwa kazi, na kwa sababu bado nina hamu ya kupiga mtu.