Nani Kagusa Bayasi?

Temeke, 7 Machi 1954

Baba Rosalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sie huku wazima, Rosalia kaota meno mawili na anang'ata kila kitu, hata kisigino changu. Habari za Tanga, na hiyo kazi ya kufunga spika za sinema? Amplifaya yako Jumamosi ilipiga ukumbini mpaka watu wakakataa kwenda kwao. Ule mvumo uliokuwa ukitusumbua umekwisha kabisa. Kula vizuri, usije ukakonda.

Mkeo,
Felicitas

Tanga, 15 Machi 1954

Mama Rosalia,

Milele amina. Mie mzima, ila barua yako imeninyima raha. Mvumo hauondoki wenyewe. Zile valvu mbili kubwa za mwisho, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zilikuwa hazilingani, moja ikinywa umeme kuliko mwenzake. Ili zilingane, lazima mtu afungue sanduku na kuitega upya bayasi, yaani ule umeme mdogo unaoizuia valvu isijichome. Hiyo si kazi ya mpita njia. Nani kaingia nyumbani kwangu na bisibisi? Nijibu upesi.

Mumeo,
Gaspar

Temeke, 22 Machi 1954

Baba Rosalia,

Salamu nyingi. Nimecheka kweli. Fundi wangu unamjua sana. Anakula humu, analala humu, na chai anaipenda ya tangawizi. Hataki hata ujira. Ukirudi nitakujulisha naye. Mwanao anakusalimu.

Mkeo,
Felicitas

Tanga, 29 Machi 1954

Felicitas,

Mdogo wangu Leodegar atakuja kuchukua amplifaya. Nimemwagiza awaulize na majirani. Usipomtaja huyo mtu wewe, watamtaja wao.

Gaspar

Kipawa, 20 Aprili 1954

Gaspar,

Natumaini u mzima. Shemeji Leodegar alikuja. Akachungulia uvunguni mwa kitanda, kisha akamwuliza jirani yetu Mama Fakihi kama kuna mwanamume anayeingia kwangu. Sasa mtaa mzima unauliza. Nilimwambia fundi ni mie, akacheka.

Haya, wewe nisikilize. Kila ulipoitega bayasi, nani alikuwa akikushikia kipimo na kukusomea mshale, wewe ukizungusha skrubu? Siku ile ukumbini, kabla ya dansi, niliona bati la ndani la valvu moja linawiva jekundu. Nikazungusha kidogo, nikapima, nikazungusha tena, mpaka mshale ukasimama palepale kwa valvu zote mbili. Nikafunga sanduku, basi.

Nilikuwa nakutania, Gaspar. Nilitaka urudi nikuonyeshe, ufurahi. Imeniuma sana kwamba ulipomwaza fundi, ulimwona mwanamume, na ulipomwona mwanamume, ukamlaza kitandani kwangu.

Amplifaya anayo Leodegar. Mie na mtoto tuko hapa Kipawa kwa wazazi wangu. Ukija, kaa barazani kama wageni wengine, useme na baba kwanza.

Felicitas,
binti wa Mzee Apolinari