Baba, Supamaketi Imefunguliwa

Baba,

Ile supamaketi uliyoikataa imefunguliwa. Usininunie kwanza, nisikilize mpaka mwisho. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya kaunta yetu, kwa sababu wewe Mkisii na mama Mjaluo mlitulea nayo, na hata nikikuota unanisemesha kwa hiyo hiyo.

Duka letu tulilifunga miezi mitatu baada ya kukuzika. Nilijaribu, Baba. Rafu zilibaki na chumvi na viberiti, na wateja wakawa wananionea huruma kuliko kununua. Siku ya kulifunga nililia mpaka mama akaninyang'anya kufuli akafunga mwenyewe.

Basi yule tajiri wa supamaketi, uliyemkatalia ukiwa hai, akaja kwenye baraza la chifu kutuuliza kama tunalitaka duka lake. Awendo nzima ilimuunga mkono! Watu wa kiwanda cha sukari, walimu, hata akina mama wa sokoni. Mmoja aliuliza, mji wa sukari gani huu ambao sukari tunaifuata Kisii? Watu wakacheka, mikono ikapanda. Wangu pia, Baba. Nilihitaji kazi. Kisha tajiri akasema duka litafunguliwa kila siku, na Jumamosi hakuna mfanyakazi atakayekosa. Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nilikusikia vile ulivyoniambia kitandani wiki ile ya mwisho: "Kemunto, usiuze siku ya Sabato, hata kama sipo."

Unajua nani alisimama? Jaduong' Ouma! Yule mzee rafiki yako, Mkatoliki, mliyebishana naye juu ya Jumamosi na Jumapili mpaka chai ikapoa. Yule aliyengoja Ijumaa jua likikaribia kuzama na Sabato kuingia ndipo aje mbio: "Nipimie nusu kilo, Msabato, kabla hujawa malaika!" Nawe unairudisha sukari guniani, unafunga dirisha. "Sukari itasubiri, Ouma. Jua halisubiri." Alikuwa akirudi kwake mikono mitupu, akicheka njia nzima.

Alimwambia tajiri duka tunalitaka hata kesho. "Lakini yule Msabato, pamoja na ukaidi wake, mizani yake haikumpunja mtu. Binti yake apumzike Jumamosi. Jumapili atashika kazi yeye, na binti yangu Akinyi, mkimwandika, ashike Jumamosi, Jumapili aende misa." Watu wakapiga makofi. Tajiri akautazama umati, akaona wateja wake wote wamekaa pale, akakubali. Aki Baba, nilirudi nyumbani nikiimba nyimbo zako za kanisani, vibaya kama wewe.

Sasa nikwambie aibu yangu. Ijumaa ya kwanza duka lilijaa pomoni. Mle ndani mna taa nyeupe, huwezi kujua nje kunaendaje. Nilikuwa nabonyeza ile mashine ya hesabu, laini ndefu mbele yangu, wananiita kwa jina, nami nimenogewa. Nikasahau. Haki ya Mungu, nilikusahau wewe na jua lako.

Mara nikasikia mtu anapiga kelele mlangoni: "Kemunto! Jua halisubiri!"

Ouma huyo, anahema, fimbo mkononi, na Akinyi nyuma yake amekuja kunipokea zamu. Hakuja kununua kitu. Nilitoka karibu nikimbie, na jua lilikuwa bado, limebaki kidogo juu ya miwa. Tukasimama tukalitazama likizama. Mzee alifuta macho akasingizia vumbi la malori. Mimi sikusingizia chochote, nililia tu, lakini si kama ile siku ya kufuli. Ilikuwa kama umenishika bega.

Lala basi, Baba, usiwe na wasiwasi nami. Sitauza siku ya Sabato maadamu ninapumua. Na kila Ijumaa, kabla sijatoka, nitampa Ouma ile nusu kilo uliyomnyima miaka yote.

Binti yako,
Kemunto