Ungeniambia, Tungeondoka Wote

Mtoni, Temeke
Jumapili, 8 Juni 2025

Dada yangu Clara,

Ugonile, dada. Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Tukuyu? Na shemeji, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Sie huku tunapumua. Nimeandika barua kwa sababu simu yako wanaishika wajukuu, na haya sitaki wayasome.

Dada, nimekuwa nikikudanganya. Kila ulipomuulizia Rogers nilijibu yupo, anakusalimia. Hakuwepo. Miaka mitano iliyopita alihamia kwa mwanamke mwingine, Kimara, nami nikaona aibu kusema. Februari mwaka huu akapata kiharusi. Ndugu zake wakamleta, wakamlaza sebuleni kwangu, wakasema mke wa pete ni mimi. Mchungaji naye akasema hayohayo. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Tangu hapo namgeuza, namlisha, namsafisha. Hasemi, ila macho yake yananifuata hadi jikoni.

Aliyenibeba ni Badriya, jirani yangu, mke wa Abdulhadi mwenye duka la vitambaa. Tumekuwa marafiki miaka ishirini, tangu wanetu walipoanza darasa la kwanza pamoja. Kila Jumatano alimuaga mumewe kwamba anakuja kunisaidia kushona mashuka, kumbe anakaa na Rogers ili mie nitoke nikanyooshe miguu. Abdulhadi hamruhusu hata kwenda harusini peke yake. Badriya alijua akikutwa na mume wa mtu, ndoa yake iko shakani. Alikuja tu.

Sasa nikuambie nilichofanya. Jumatano moja mwezi uliopita nilimwambia naenda duka la dawa kununua pampasi za mgonjwa, narudi sasa hivi. Nikazima simu, nikaenda kuchukua chumba gesti, Mbagala. Nilikaa siku mbili.

Badriya hakuweza kumwacha mgonjwa. Alimwosha kwa mikono yake, na Abdulhadi alipokuja kumtafuta magharibi alimkuta ameinama na beseni. Hakupiga kelele. Alisema, “Kumbe ndiyo mashuka mnayoshona,” akaondoka. Badriya akampigia simu shemeji yangu Brightson, ndugu yake Rogers, na hakutoka mpaka Brightson alipofika kesho yake. Badriya aliporudi kwake alikuta begi lake mlangoni. Sasa yuko kwa kaka yake, Msasani, analala chumba kimoja na watoto. Nimemwendea Abdulhadi mara mbili nimweleze. Hataki hata kunitazama.

Juzi nilimfuata Badriya, nikapiga magoti. Nilitegemea matusi. Kwanza aliniuliza kama Rogers amekula. Kisha akasema, “Ungeniambia, Tupokigwe. Tungeondoka wote.”

Na linalonitesa kuliko yote ni hili: siku zile mbili nilikuwa na furaha. Nilikula chipsi kitandani, nikacheka peke yangu. Mengine nimetubu kanisani. Hilo limenishinda.

Usinijibu kwamba nivumilie. Nimeshaambiwa na kila mtu. Niambie tu kama kwako kuna chumba, na kama kinatosha wanawake wawili, ingawa huyu mgonjwa sijui nitamwachia nani.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote. Rogers anagonga kitanda, wacha niende.

Mdogo wako,
Tupokigwe