Mbao Tulizozitunza Tukimngoja Yohana

Mama mkwe wangu mpendwa,

Leo nimekaa tu, mikono imelala magotini, haina kazi. Unajua mwenyewe jinsi jambo hilo lilivyokuwa adimu kwetu. Wiki hii tumehama shambani kwa Kaburu. Mwanao Yohana amepata kazi kwa fundi wa samani hapa mjini Sisibo, na tumepata chumba chenye sakafu ya simiti. Simiti, Mama! Haiozi, mchwa hawaili, haidai mafuta. Niliipapasa kwa kiganja nikacheka peke yangu, ndipo nikakukumbuka.

Unakumbuka siku uliyofika kutoka Maragoli? Yohana alikuwa ameshapelekwa vitani Burma. Kaburu alikuwa amenisimamisha mlangoni akaniambia, "Hii nyumba ni ya mtu wa jukwaa. Jukwaa likiharibika, naleta mtu mwingine." Ni lile jukwaa la mbao katikati ya waridi, ambapo memsabu, mke wa Kaburu, alikuwa akinywa chai akitazama ngano. Yohana ndiye aliyelijenga, na ndiye aliyelitunza. Mimi nilijua tu kumpelekea uji pale. Bila ile nyumba hatukuwa na mahali pa kupanda mahindi wala pa kufunga ng'ombe, na Yohana akirudi angetukuta wapi?

Nilikueleza hayo huku nalia, mjukuu wako Debora mgongoni. Hukunibembeleza.

"Kulia hakupigi msumari," ulisema. "Nyundo iko wapi?"

Nilikuogopa, Mama. Tangu niolewe uliniona mvivu, hata ugali wangu uliuita uji uliochoka. Lakini asubuhi yake tulienda wote bustanini.

Jua la Januari lilipozikausha mbao mpaka zikaanza kupasuka, tulizisugua kwa msasa tukazipaka mafuta ya kitani, wewe ukianzia upande wa ngazi, mimi upande wa waridi, tukakutana katikati. Mvua ya Aprili ilileta kijani kinachoteleza kama mgongo wa kambare. Memsabu akaanguka na birika lake, na tukashinda pale tukisugua kwa mchanga na jivu, mvua ikitunyeshea, yeye akituangalia dirishani. Ubao ukilainika ulikuwa unaujua kwa kisigino tu. Tukaung'oa, ukapima mpya kwa kamba ya sketi yako, ukaukata. Ule wa kwanza ulipinda vibaya sana! Tulicheka mpaka Debora akaamka.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya huku juu ambayo hukuizoea kamwe, tukichokoa majani yaliyonasa katikati ya mbao yasije yakashika maji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hapo ndipo uliponisemesha kama mwanao wa kumzaa. Ulinisimulia jinsi Yohana alivyochelewa kutembea, na alipoanza akawa anaburuta mguu wa kushoto, na dada zake wakimcheka. "Mpaka leo anauburuta kidogo," ulisema. Nikakujibu kwamba mimi mkewe sijawahi kuona. Ukasema, "Si wa kuona. Ni wa kusikia."

Kisha barua zake zikakoma.

Mama mmoja wa Kinandi, ng'ambo ya mto, aliletewa habari kwamba mwanawe ameuawa huko huko. Tangu siku hiyo, kila tarishi wa chifu alipopita njiani nilikimbilia ndani nikafunga mlango. Wewe hukufunga. Ulikaa nje, uso barabarani. "Mimi sijaambiwa nimzike mtu," ulisema. Lakini nilikuona siku moja ukipigilia misumari mahali pasipohitaji msumari, ukipiga na kupiga, nikaondoka kimya nisikuaibishe.

Walipokuwa wakivuna ngano, mimi na wewe tulikuwa chini ya jukwaa, tumelala kifudifudi, tukichimba mchwa kwenye nguzo. Buti zikapanda ngazi juu yetu. Nikadhani ni Kaburu, nikatulia. Wewe ukaacha kuchimba, ukanishika mkono kwa nguvu. Buti moja ilikanyaga, ya pili ikakwaruza ubao.

"Nyamaza," ulininong'oneza. "Acha nisikie tena."

Zikaenda mpaka ukingoni, zikarudi. Kisha sauti yake: "Nani amebadilisha ubao wangu huu?"

"Mimi!" ulipiga kelele, ukainuka ghafla ukajigonga kwenye boriti. Ukatoka ukitambaa, damu kwenye paji la uso, matope mpaka masikioni.

"Mama! Nani amekupiga?"

"Jukwaa lako!" Kisha ukaangua kilio, wewe uliyenikataza kulia.

Mimi nilibaki chini. Nilimtazama kupitia nafasi za mbao, kipande kipande, buti, mkanda, kidevu, mpaka nikaamini kwamba yuko mzima.

Nimebeba siku ile miaka yote hii. Hata tulipokuzika Maragoli niliibeba. Yohana alikuchongea jeneza kwa mikono yake, akaisugua kila kona mpaka ikawa laini, na hakumruhusu fundi mwingine aguse. Watu walinishangaa kwamba sikuomboleza kwa sauti. Nilikuwa na huzuni, Mama, lakini chini yake kulikuwa na pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu barua zilipokoma. Mwana alimzika mama yake. Mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Tungeweza kukoseshwa hilo, mimi na wewe, na hatukukoseshwa. Sikupata kukuambia ulipokuwa hai, maana nilikuwa bado nakuogopa kidogo.

Sasa pumzika. Namsikia mwanao uani akiongea na watoto, amechoka, ana njaa, anauliza niko wapi. Acha nikamfungulie.

Mkaza mwana wako,
Mama Debora