Mmea Wako Umelala kwenye Frigo Yetu

Hapana, Tonton, mjomba wangu, hatukuupika. Maji yalikuwa hata hayajachemka. Lakini ngoja nieleze vizuri, maana tangu utuache sijakuambia lolote, na nina furaha nyingi mpaka naona aibu kukuandikia.

Nimeolewa! Na Placide, yule kijana wa Bukavu uliyesema anaongea mpaka nzi wanachoka. Hukumwona akiwa na suti. Ungemsamehe maneno yote. Tunakaa mtaa wa Ixelles, na ule mmea wako unaokula nzi tuliuweka kwenye balkoni kama ulivyonifundisha: "Baridi ikija utakuwa mweusi. Bon. Umelala, haujafa. Uache."

Mimi niliuacha. Placide, mpenzi wangu, hajui kuacha kitu. Majani yalipoanza kuwa meusi aliona huruma, akauingiza chumbani kwa siri, akauficha nyuma ya pazia karibu na chauffage inayopasha nyumba joto, akaulisha kipande cha nyama ya brochette. Ya mbuzi, Tonton, na pilipili! Mdomo wa mmea ukajifunga, nyama ikaoza ndani, na kwa siku kadhaa mimi nilinusa viatu vyake, yeye akinusa vyangu. Nilipogundua nililia, na si kwa ajili ya harufu. Katika vitu vyote ulivyoniachia, huo tu ndio wenye uhai. "Chérie," akasema, "nilizani mutoto anasikia baridi." Mtu kama huyo utamgombeza namna gani?

Nikakata ule mdomo. Kisha barafu kali ikaja, nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe: nikautoa kwenye chungu, nikauzungushia karatasi yenye unyevu, nikautia kwenye mfuko, chini kabisa ndani ya frigo, kando ya mboga zetu za lenga-lenga.

Ndipo mama yake Placide akaja kututembelea kutoka Liège. Unawajua mama zetu. Hakukaa hata kitini, akaenda kufungua frigo aone mwanawe anakula nini. Sisi tuko sebuleni, tumeshikana mikono (ndiyo, bado!), tukamsikia: "Hawa batoto banaachaka mboga inaoza hivi!" Kukimbilia jikoni, amekwisha kukata majani meusi, sufuria iko motoni, na kishina cha mmea wako amekichovya kwenye bakuli la maji ya chumvi. Chumvi! Wewe uliyenikataza kuupa hata maji ya bomba!

Placide akaruka: "Maman, acha! Huyo ni Tonton!"

Maman akaangusha kisu. Alikuwepo kwenye mazishi yako, aliimba mpaka sauti ikakauka. "Yesu wangu," akasema, "Tonton munamutia mu frigo?"

Tulimweleza mara tatu. Hata sasa haifungui frigo yetu kabla ya kufanya ishara ya msalaba.

Lakini mume wangu, Tonton! Ungemwona. Amepiga magoti kwenye balkoni, mkono ndani ya ndoo ya maji ya mvua, maji ya baridi ya kukata vidole, anakisuuza kile kishina polepole kama anamwogesha mtoto mchanga. Hakusema neno. Yeye! Mwishowe akaniuliza kwa sauti ndogo, "Iko muzima?" Nikakibonyeza. Kigumu, cheupe. Kizima. Ningeolewa naye tena papo hapo, na aproni yangu.

Sasa mmea umerudi kulala. Siwezi kukuahidi jani. Chumvi iliuingia kiasi gani tutajua baridi ikiisha. Ila kila asubuhi Placide anapita mbele ya frigo, anaiangalia, anatia mikono mfukoni, anaendelea na safari yake. Hujui jinsi inavyomgharimu. Mimi najua, na nampenda mpaka nasahau kuzima kahawa.

Basi kwaheri kwa leo, Tonton wangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kaburini kwako, sote wawili, nakuahidi. Ameshaanza kuniuliza kama huko kwako kuna upepo mwingi. Nimemwambia atulie, tutakusalimia tu, kisha tutakuacha ulale.

Mtoto wako,
Solange