Kiti cha Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Bosi ametangaza mbele ya duka zima: wifi akienda likizo ya uzazi, kaunta ya kubadilisha bidhaa nitaishika mimi. Si keshia mwenye kucha ndefu, aliyekuwa ameshajipaka na rangi ya mdomo. Mimi, mfuta vumbi wa mafeni na mapasi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kaka amecheka kwenye simu, eti mke wake anatoka anaingia dada yake, duka litakuwa la ukoo. Acha aseme. Leo nimetembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Tatizo ni moja — Kiingereza. Wateja wengi wa kaunta ile ni wageni. Wifi amesema nipite kwao kila jioni, atanifundisha maneno ya kubadilisha tu, mengine nitayatafuta mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Wifi miguu juu ya stuli, tumbo limekaribia kidevu, anafundisha kama jemadari. Sisi tukisema "badilisha" tumemaliza kazi. Wenzetu wana kabati zima! "Swap" — nipe chako nikupe changu, tuachane kwa amani. "Exchange" — mteja hataki pasi ya kijani, anairudisha nzima, anachukua ya bluu. "Replace" — birika la umeme limekufa ndani ya waranti, linatolewa, jipya linakaa mahali pake, la zamani ndiyo basi tena.

"Substitute" imenisumbua. Nikasema si ni hiyo hiyo "replace" imevaa koti? Wifi akasema hapana. Mwalimu akiugua, analetwa mwingine mpaka apone. Akipona anarudi darasani kwake. Huyo wa katikati ndiye "substitute".

"Kama wewe kwangu," akasema.

Nikafikiri kidogo. Kumbe moja ni kushika nafasi ya mtu, nyingine ni kuichukua! Wifi amepiga makofi. Amesema wapo waliosoma miaka na miaka hawajaliona hilo. Nimeiandika sifa hii makusudi, isije ikapotea.

Ijumaa, 7 Machi

Mgeni mmoja na blenda inayonuka moshi. Nimemwambia, "We will replace it, madam." Yote kwa pumzi moja! Wifi alikuwa nyuma yangu, anasikiliza. Mteja alipoondoka akanibinya mkono.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi ameanza likizo. Amenionyesha droo ipi inakwama, mteja gani huja akiwa ameshakasirika tangu kwake. Amesema atarudi Juni, nisimvurugie kaunta. Nikamwambia nitaitunza kama mboni ya jicho.

Nimekaa kwenye kiti chake siku nzima. Kinanifaa. Nisijidanganye, kinanifaa sana. Hata keshia leo ameniamkia.

Alhamisi, 13 Machi

Mwenye duka amekuja. Wamesimama na Bosi karibu yangu kabisa, mimi nafunga boksi la feni, wao wanaongea Kiingereza chao kana kwamba hapo pana kabati tu. Na mimi nimeelewa. Nimeelewa yote! Nilitaka kukimbilia simu nimwambie wifi, mwalimu, mwanafunzi wako amefaulu.

Halafu ndipo maneno yenyewe yakanifika.

Mwenye duka ameuliza kama mimi ni "substitute". Bosi akasema hapana, "she will replace her". Mwenye mtoto mchanga ni ruhusa kila kukicha, eti, na huyu ni mpole, hana maneno.

Hana maneno. Mimi!

Wifi hajui kitu. Yuko nyumbani anakunja nguo za mtoto, anahesabu kwamba ana kazi ya kurudia.

Ijumaa, 14 Machi

Sikwenda kwa wifi. Nimesema kichwa kinauma.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kile kiti nakitaka. Nimekitaka tangu siku za vumbi. Na nikikikataa atawekwa keshia, wifi atakuwa amekikosa vilevile. Nimejipa sababu hiyo tangu asubuhi na inazidi kunoga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ni ya wifi, mdudu ni mimi.

Mtoto anayekuja ataniita shangazi. Naona aibu na bado hajazaliwa.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya Bosi.

Waliniita, yeye na mwenye duka. Bosi alikuwa na sauti ya asali. Niendelee tu kumshikia wifi yangu nafasi, na hiki ni kitambulisho kipya, kina jina langu na "Mkuu wa Kaunta". Kinang'aa. Nilikishika. Kisha nikakirudisha mezani, nikamgeukia mwenye duka.

"Sir, I am substitute, or I replace her?"

Najua sarufi ilichechemea. Lakini ilifika. Bosi aliacha kuchezea kalamu yake. Mwenye duka akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza, akauliza nani amenifundisha Kiingereza.

Nikasema, "The woman you want to replace."

Wameniambia nisubiri nje. Mlango umefungwa, sauti ya Bosi ndiyo inayosikika zaidi. Kaka ametuma ujumbe kwamba wako hospitali, uchungu umeanza, wifi anauliza kaunta inaendeleaje. Bado sijajibu. Kutoka hapa naiona foleni, na keshia ameshakikalia kiti.

Huenda kesho nikarudi kwenye vumbi, au nisirudi kabisa. Lakini lile jibu la mwisho sikufundishwa na mtu. Nimelitunga mwenyewe pale pale, na nimelikagua neno kwa neno, halina kosa hata moja.